Ndakala hana mpaka: yale ADN ya samaki inafundisha juu ya Ziwa Tanganyika

Ndakala ni samaki mdogo wa rangi ya fedha, urefu wake karibu sentimita 10, anayeishi mu Ziwa Tanganyika peke yake. Wenye elimu wanamwita Stolothrissa tanganicae. Kutoka Uvira mpaka Moba, kupitia Baraka na Kalemie, ndiye mboga ya kila siku. Anavuliwa usiku kwa taa, anaanikwa asubuhi ku mchanga, anauzwa kwa kipimo ku soko, kisha anapanda gari kwenda miji ya mbali. Jamaa nyingi zinalipa masomo ya watoto kwa samaki huyu.

Ndiyo maana kila mara serikali inapotangaza kufunga uvuvi, maneno yanakuwa mengi ku bandari. Swali ambalo watu wanaulizaka zaidi ni hili: mvuvi wa Fizi akiacha kuvua na wa ng'ambo akaendelea, nani anapata faida? Na ndakala wa Uvira anamhusu nini mtu wa Zambia, aliye mbali zaidi ya kilometa 600? Mu miaka hii ya karibuni, watafiti wamepata sehemu ya jibu kwa kusoma ADN ya samaki wenyewe.

Ziwa lenye sura ya bahari

Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilometa 670 na eneo la karibu kilometa mraba 32 900. Fasi yenye kina kirefu zaidi inafika karibu metre 1 470. Mu dunia nzima, ni ziwa Baikal la Urusi peke yake linalolishinda kwa kina. Tanganyika linabeba karibu 16 kwa mia ya maji yote matamu ya juu ya ardhi yasiyo barafu. Nchi nne zinaligawana: Kongo ina karibu 45 kwa mia ya eneo lake, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6.

Wazungu waliokuja kulichunguza mu karne ya 19 walishangaa. Ndani ya maji matamu walikuta konokono wenye maganda mazito kama ya bahari, na hata kiwavi-maji, yule mnyama laini mwenye mwili unaopitisha mwanga kama kioo. Mwingereza J.E.S. Moore, aliyefika huku mara mbili kati ya 1896 na 1900, alifikiri kwamba ziwa ni kipande cha bahari ya zamani kilichobaki katikati ya Afrika.

Leo inajulikana kwamba hapana. Ziwa lilizaliwa wakati ardhi ya Afrika ilipopasuka na kushuka, miaka milioni 9 mpaka 12 iliyopita, na halijawahi kuunganika na bahari uso kwa uso. Lakini Moore hakukosa kila kitu. Mu mwaka wa 2008, watafiti walitoa uchunguzi juu ya ADN ya ndakala na ndugu zake wa Afrika. Walionyesha kwamba mababu wa samaki hawa walitoka baharini kweli. Kati ya miaka milioni 25 na 50 iliyopita, maji ya bahari yalikuwa yameingia mbali ndani ya Afrika ya Magharibi. Samaki wa jamii ya sardini wakaingia nayo. Bahari iliporudi nyuma, wao walibaki mu mito, wakazoea maji matamu, wakaenea bara zima, na wamoja wakafika Tanganyika wakati ziwa lingali changa.

Kwa hiyo sardini ya mkebe inayouzwa ku butiki na ndakala wa ku meza ni watu wa ukoo mmoja. Na njia ya maji ingali ipo: kutoka Ziwa Kivu maji yanashuka kwa Ruzizi mpaka Tanganyika, yanatokea Kalemie kwa Lukuga, yanaingia Lualaba, na yanafuata mto Kongo mpaka bahari ya Atlantiki.

ADN inasomwa namna gani

ADN ni kama andiko refu lililo ndani ya kila kiumbe, liwe mhindi, mbuzi ao samaki. Lina herufi nne tu, zinazojirudia mamilioni ya mara. Kila mtoto anapokea nusu ya andiko kwa baba na nusu kwa mama, na mara moja moja herufi inabadilika.

Mabadiliko hayo ndiyo yanawasaidia watafiti. Mfano mzuri ni Kiswahili chenyewe. Mtu wa Kalemie akifungua mdomo mu soko ya Bukavu, watu wanajua mara moja kwamba si wa pale. Waliishi mbalimbali, kila upande ukafanya maneno yake. Lakini watu wanaoonana kila siku, wanaooana na kufanya biashara pamoja, wanasema sawasawa. Kwa samaki ni vile vile. Makundi mawili yasipozaliana kwa muda mrefu, tofauti zinaongezeka mu ADN yao. Yakizaliana, tofauti zinachanganyika na kupotea.

Kazi yenyewe haiombi samaki mzima. Kipande kidogo cha pezi kinakatwa, kinawekwa ndani ya alkoli ili kisioze, kinapelekwa ku laboratware. Huko mashine zinasoma sehemu nyingi za andiko, na samaki wa fasi moja wanalinganishwa na wa fasi ingine.

Ndakala mmoja, ziwa moja

Mu mwaka wa 2019, watafiti wa Ubelgiji pamoja na wenzao wa kituo cha utafiti wa maji CRH cha Uvira walitangaza uchunguzi wa kwanza wa namna hii juu ya ndakala. Walichukua samaki wa sehemu mbalimbali za ziwa, kutoka kaskazini mpaka kusini. Walitafuta kama kuna ndakala wa Uvira, ndakala wa Kalemie na ndakala wa Zambia, kila moja na ukoo wake.

Hawakuona tofauti hiyo. Ndakala wa kaskazini na wa kusini wanachanganyika. Kwa macho ya ADN, ziwa lote ni kundi moja.

Uchunguzi mwingine wa mwaka wa 2020 ulichukua ndakala pamoja na lumbu, ndugu yake mkubwa kidogo, Limnothrissa miodon. Nao ulikuta kwamba umbali hauwatenganishi sana, hata kwa mamia ya kilometa. Tofauti kubwa iliyoonekana ilikuwa kati ya dume na jike, si kati ya fasi na fasi. Kwa lumbu kulionekana pia kitu kingine: sehemu kubwa ya ADN yake imegeuka, na samaki wanaibeba kwa namna tatu. Namna zote tatu ziko kila upande wa ziwa, ila hesabu yao inabadilika polepole kutoka kaskazini kwenda kusini.

Maana ya haya kwa mvuvi ni ya karibu. Hakuna nchi yenye ndakala wake. Samaki aliyeachwa leo mbele ya Baraka, watoto wake ao wajukuu wake wanaweza kuvuliwa Kigoma. Na vitoto vilivyoharibiwa upande wa ng'ambo vinapunguza samaki wa Baraka. Nchi moja ikifunga peke yake, inawawekea wengine akiba. Nchi zote nne zikifunga pamoja, kila moja inapata sehemu yake.

Sambaza: lumbu aliyehamia Kivu

Watu wa Goma, Bukavu, Kalehe na Idjwi wanamjua lumbu kwa jina lingine: sambaza. Ziwa Kivu halikuwa na samaki anayekula vijidudu vidogo vya katikati ya maji. Mu mwaka wa 1959, wakati wa ukoloni, vitoto vya samaki vilitolewa Tanganyika na kumwagwa Kivu. Waliotakiwa zaidi walikuwa ndakala, lakini ndakala hawakuishi. Lumbu ndio waliobaki, wakazaa, na leo ni chakula na kazi kwa maelfu ya watu wa pande zote mbili, Kongo na Rwanda. Miaka michache nyuma, lumbu walipelekwa pia mu ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, na huko nako walikubali.

Uchunguzi wa 2020 uliwapima sambaza wa Kivu pia. Wangali lumbu, lakini zile namna tatu za ADN ziko kwa hesabu tofauti kabisa na ya Tanganyika. Kwa miaka 60 tu, kundi lililohamishwa limekuwa na sura yake.

Kuna mafundisho mawili humu. La kwanza: kumwaga samaki mu maji mapya ni jambo lisilorudishwa nyuma, na hakuna anayejua mbele litazaa nini. La pili ni zito zaidi. Lumbu akipungua Tanganyika, angalau kuna lumbu Kivu na Kariba. Ndakala hana ghala lingine. Alijaribiwa Kivu akashindwa. Akiisha Tanganyika, hakuna fasi ya kwenda kumchukua.

Samaki wa mawe: kule mipaka ipo

Si samaki wote wanaofanana na ndakala. Karibu na ukingo, mu mawe, wanaishi samaki wadogo wa rangi nyingi ambao watu wa ng'ambo ya bahari wanawanunua juu ya kupamba vioo vya nyumba zao. Ziwa lina karibu aina 240 za jamii hii, na karibu zote hazipatikani fasi ingine. Mu mwaka wa 2021, watafiti wa chuo kikuu cha Basel, Uswisi, walitangaza matokeo ya kusoma ADN ya karibu aina hizo zote. Walionyesha kwamba aina hizo zilitokea ndani ya ziwa lenyewe, kutoka kwa mababu wachache.

Samaki wa mawe anaogopa mchanga wazi, kwa sababu huko hana pa kujificha. Ghuba ya mchanga ao mdomo wa mto kwake ni kama ukuta. Kwa hiyo familia moja inakaa ku mawe yake miaka elfu na elfu bila kuzaliana na majirani. Wale wanaoitwa Tropheus wana zaidi ya rangi 100 tofauti, kila kipande cha ukingo na rangi yake.

Hapa ulinzi unaomba njia ingine. Ndakala anaomba sheria moja ya ziwa lote. Samaki wa mawe anaomba kijiji kilinde ukingo wake, maana akiisha pale, wa kilometa 20 mbele hawatakuja kumrudisha. Adui wake mkubwa ni udongo. Milima ikikosa miti, mvua inashusha matope, matope yanafunika mawe na majani madogo ambayo samaki wanakula. Tangu mwaka wa 1993 uchunguzi ulionyesha kwamba mbele ya milima iliyokatwa miti sana, aina za samaki na za viumbe vingine vidogo ni chache kuliko mbele ya milima yenye msitu. Kwa hiyo mti uliopandwa juu ya mlima, na shamba lenye matuta, ni kazi ya kulinda samaki pia. Mfano wa ulinzi wa aina hii uko Tanzania: mbuga ya Mahale inalinda pia mkanda wa maji wa kilometa 1,6 mbele ya ukingo wake.

Juu ya nini samaki wanapungua

Wavuvi wengi wanasemaka kwamba nyavu ni nyingi kupita samaki. Hesabu inawapa haki. Mu 2011, wavuvi wa nchi nne walihesabiwa karibu 95 000. Vyandarua vya mbu na nyavu za matundu madogo zinazokokotwa ku ukingo zinabeba vitoto, na ku ukingo ndiko vitoto vingi vya ndakala na lumbu vinakulia. Ndakala anaishi mwaka mmoja ao kupita kidogo. Akivuliwa mbele ya kuzaa, mwaka unaofuata unaonekana mara moja.

Lakini wavuvi si sababu ya pekee. Ziwa linapata joto. Kwa kawaida, chakula kingi cha vijidudu kiko chini, mu maji ya baridi. Wakati wa kiangazi, upepo wa kusini unasukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na yale ya chini yanapata njia ya kupanda. Maji ya juu yakipata joto zaidi, yanakuwa mepesi na kukaa juu kama mafuta ndani ya sufuria. Upepo hauwezi tena kuyachanganya vizuri. Chakula kinabaki chini, vijidudu vinapungua, ndakala wanakosa cha kula.

Mu mwaka wa 2003, watafiti walihesabu kwamba uzalishaji wa ziwa ulikuwa umeshuka karibu 20 kwa mia, na kwamba hiyo inaweza kupunguza samaki karibu 30 kwa mia. Mu 2016, wengine walichimba tope la chini ya ziwa na kuhesabu mifupa, meno na magamba ya samaki wa zamani. Walikuta kwamba samaki walianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, mbele ya uvuvi mkubwa wa biashara kuanza. Walihesabu pia kwamba tangu 1946, eneo la chini ya ziwa lenye hewa ya kutosha kwa viumbe limepungua karibu 38 kwa mia.

Watu wamoja wanasikia haya na kusema: basi, kama ni joto, kufunga kunasaidia nini? Jibu ni kwamba joto halifungwi na mtu wa Kalemie, lakini nyavu zinaweza kufungwa. Gunia likipungua, mwenye busara anapunguza kipimo cha kuchota. Samaki wanaozaliwa wakiwa wachache, kila kitoto kinachoachwa kina bei zaidi kuliko zamani.

Miezi tatu ya kufunga

Nchi nne zilitia sahihi mapatano juu ya ziwa ku Dar es Salaam mwaka wa 2003. Mapatano hayo ndiyo yalizaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao Bujumbura. Kufuatana na makubaliano ya nchi hizo juu ya uvuvi, mu 2024 ziwa lilifungwa tangu tarehe 15 mwezi wa tano mpaka tarehe 15 mwezi wa nane.

Kupumzika si jambo geni kwa wavuvi. Mwezi mkubwa ukiwaka, taa hazivuti samaki, na mitumbwi mingi inabaki nchi kavu siku kadhaa. Lakini siku kadhaa si miezi tatu. Miezi hiyo inaanguka ku mwisho wa mwaka wa masomo, na karibu na mwanzo wa mwingine. Mvuvi mwenye mtumbwi anaweza kuwa na shamba ao akiba kidogo. Kijana anayelipwa kwa usiku mmoja mmoja hana, wala mama anayekopa asubuhi, kuuza mchana na kulipa jioni. Na mahali penye vita na wakimbizi, hata shamba mara nyingi halifikiwi. ADN inaonyesha kwamba kufunga pamoja kuna maana. Haionyeshi nani atalisha watoto wakati wa kufunga. Hilo ni swali la serikali, la majimbo na la vyama vya wavuvi, na bila jibu, nyavu zitarudi majini usiku.

Yale ADN haisemi

ADN haihesabu samaki waliobaki mu ziwa. Juu ya hiyo sherti kuandika kila siku kilo zinazoshuka ku bandari, aina gani na urefu gani. Haionyeshi pia kama miezi tatu inatosha, ao kama miezi ingine ingefaa zaidi. Kusudi hayo yajulikane, samaki wapimwe mbele ya kufunga na nyuma yake, miaka kadhaa mfululizo, ku pande zote nne. Na haisemi kwamba ndakala wote wanasafiri ziwa zima: samaki wachache wanaochanganyika kila kizazi wanatosha kufanya ADN ifanane.

Hapa wavuvi wana kitu ambacho laboratware haina. Wanajua ni mwezi gani vitoto vinafika ku ukingo, ni ghuba gani vinapenda, ni mwaka gani mikeke, samaki wanaokula ndakala, walikuja kwa wingi na mwaka gani walikosekana. Yakiandikwa pamoja na kilo za ku bandari, maneno hayo yanaweza kusaidia kuchagua miezi ya kufunga na ghuba za kulinda. Mvuvi akiulizwa mbele ya sheria kuandikwa, anaielewa. Akiambiwa tu ku mwisho, anaiona kama adhabu.